Agrostema, Ua la Mashamba ya Ngano Lenye Mbegu za Sumu: Maswali na Majibu

Agrostema ni mmea gani?

Agrostema, ambao kwa jina la kitaalamu ni Agrostemma githago, ni mmea wa msimu mmoja: huota, huchanua, huzaa mbegu na kufa. Inadhaniwa kwamba asili yake ni mashariki ya Mediterania. Ulienea Ulaya ukiwa kwekwe la mashamba ya ngano, kwa sababu mbegu zake hazipukutiki upesi zinapoiva, bali nyingi hubaki ndani ya tunda kavu hadi mavuno, zikapurwa na kuwekwa ghalani pamoja na ngano, na msimu uliofuata mkulima akazipanda tena bila kukusudia. Usafishaji bora wa mbegu na dawa za kuua magugu viliufanya karibu utoweke katika mashamba ya Uingereza katika karne ya 20. Siku hizi huonekana zaidi bustanini na katika michanganyiko ya mbegu za maua ya mwituni.

Nitautambuaje?

Shina lake ni jembamba, hufikia takriban mita moja, na limefunikwa na vinyweleo vyeupe vilivyolala, hata mmea mzima ukaonekana kuwa na rangi ya kijivu kwa mbali. Majani ni membamba na marefu, nayo huota mawili mawili yakikabiliana. Kila ua hukaa peke yake juu ya kikonyo kirefu, lina petali tano za rangi ya waridi inayokaribia zambarau, na ukilisogeza karibu na macho utaona mistari myembamba ya rangi nyeusi nyeusi inayoelekea katikati.

Hata hivyo, rangi pekee isikuridhishe, kwa maana maua ya waridi ni mengi. Alama ninayoiamini zaidi ni sepali, yaani vile vijani vya kijani vinavyolishika ua kwa nje: ni tano, zimechongoka, na kwa kawaida ni ndefu kuliko petali zenyewe, kwa hiyo hujitokeza katikati ya petali kama ncha za nyota. Mbegu ni nyeusi, zina upana wa milimita tatu hivi, na ngozi yake imejaa vijinundu vinavyokwaruza kidole.

Sumu iko wapi, na hudhuru vipi?

Sehemu zote za mmea zina sumu, lakini iliyo nyingi zaidi imo ndani ya mbegu. Ni kundi la kemikali ziitwazo saponini, ambazo hutoa povu zikitikiswa katika maji na ambazo zina uwezo wa kupasua chembe nyekundu za damu zikiingia kwenye mzunguko wa damu. Utumbo wenye afya huzifyonza kwa kiasi kidogo, na ndiyo maana dalili za kwanza huwa za kinywa na tumbo: koo kuwasha, mate kutoka kwa wingi, kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo na kuhara. Mtu aliyekula nyingi anaweza kuishiwa nguvu na kupata shida ya kupumua.

Zamani madhara makubwa yalitoka kwenye mkate. Mbegu hizi zinakaribiana kwa ukubwa na punje za ngano, hivyo hazikuchekecheka kwa urahisi. Zikasagwa pamoja nayo, na walaji wakazila siku baada ya siku. Joto la tanuri hupunguza sumu hiyo, lakini si jambo la kutegemea.

Je, kuugusa tu ni hatari?

Kwa kawaida, hapana. Mwaka 2014 mmea huu ulizua taharuki katika magazeti ya Uingereza baada ya kuonekana katika maeneo yaliyosiwa mbegu za maua ya mwituni. Kwa maoni yangu hofu hiyo ilipita kiasi, kwani mimea mingi ya kawaida ya bustanini ina sumu pia. Hatari iko katika kula. Hata hivyo, mwenye ngozi nyepesi avae glavu, na kila mtu anawe mikono baada ya kushika mbegu.

Nikitaka kuupanda, nizingatie nini?

Kuupanda ni rahisi. Sia mbegu mahali penye jua, kwenye udongo usiotuamisha maji, katika majira ya vuli au ya kuchipua, kisha zifukie kwa kina cha sentimita moja hivi. Usiupande karibu na mboga wala mahali wanapochezea watoto wadogo. Zaidi ya yote, mbegu unazohifadhi ziandikwe jina na zisiwekwe jikoni, kwa kuwa zinaweza kudhaniwa kuwa kiungo cha chakula. Ukiamua kuuondoa, ng'oa kabla matunda hayajakauka. Mbegu zake hazidumu muda mrefu udongoni.

Nifanye nini mtu akimeza mbegu?

Mtoe mabaki kinywani, asukutue kwa maji, na usimlazimishe kutapika. Piga simu kituo cha ushauri wa sumu au mpeleke hospitali hata kama bado hana dalili, ukichukua tawi la mmea au mbegu zilizobaki. Hakuna dawa maalumu ya kuibatilisha sumu hii. Wahudumu wa afya hutibu dalili, hurudisha maji mwilini na kuangalia upumuaji.

Na mifugo?

Nguruwe, farasi na kuku wanaweza kudhurika kwa kula nafaka iliyochanganyika na mbegu hizi. Makapi ya kupembua nafaka yakionekana kuwa na mbegu nyeusi zenye vijinundu, yasitumike kuwa chakula chao.