Kofia za bluu si jeshi la Umoja wa Mataifa

Kijiweni kwa muuza kahawa karibu na Mnara wa Saa, Arusha, nimelisikia tena: eti Umoja wa Mataifa una jeshi lake, linaingia nchi yoyote linapotaka. Sivyo, na inaniuma kwa ajili ya vijana wetu waliokwenda Kongo kulinda amani.

Mtazame mmoja wao: bereti ya bluu kichwani, begani bendera ya Tanzania. Ni askari wa JWTZ, ameazimwa tu. Kifungu cha 43 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kilitarajia nchi ziahidi majeshi kwa makubaliano maalumu, hayakuwahi kusainiwa.

Ni kweli, "ulinzi wa amani" haumo kwenye Mkataba huo wa 1945. Lakini mwaka 1962 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba gharama za vikosi vya kulinda amani vya Suez, kule Misri, na Kongo ni gharama halali za Umoja. Na ridhaa ya nchi mwenyeji ina uzito: mwaka 1967 Misri ilitaka vikosi hivyo viondoke kwake, vikaondoka. Hata brigedi ya mwaka 2013 mashariki mwa Kongo, iliyoruhusiwa kushambulia, ilitumwa kwa azimio la Baraza la Usalama, namba 2098, na Kinshasa ikiafiki.