Tumbo linalotokeza ukiketi: maswali kuhusu mkao na misuli ya tumbo

Swali: Nashona kofia barazani hapa Lamu tangu asubuhi hadi alasiri. Mimi si mnene, lakini nikiketi tumbo lanitokeza. Ni kitambi?

Jibu: Huenda si mafuta. Mshona kofia huifuata sindano kwa macho. Shingo huinama, mgongo hupinda, mbavu zikasogea karibu na nyonga. Msuli wa mbele, unaotoka mbavuni hadi mfupa wa kinena, hulegea kwa kukosa kazi, na uzito huachiwa kano za mgongo. Ndani zaidi upo msuli unaozunguka kiuno kama mshipi. Huo nao ukilegea, matumbo husukumwa mbele. Utafute: gusa kwa vidole viwili pembeni mwa mfupa wa nyonga, upande wa ndani, kisha kohoa. Kinachokaza ndicho hicho.

Swali: Basi niketi wima kutwa?

Jibu: La, utachoka bure. Mimi siamini kuna mkao mmoja unaofaa kwa muda wa saa nane. Badilisha. Weka mto mapajani, kofia juu yake, ili kazi ifuate macho badala ya macho kuifuata. Inuka kila nusu saa hivi, utembee hata hadi mwisho wa kichochoro. Anayesali ana bahati: rukuu na sujudu hukunja na kukunjua nyonga na mgongo.

Swali: Kukaa vizuri kutayeyusha mafuta?

Jibu: Hapana. Hilo ni la chakula na mwendo.

Swali: Nimejifungua majuzi, na mama ashikilia nifunge mkaja, kitambaa cha kukazia tumbo. Utanirudishia tumbo?

Jibu: Hongera, bibie. Mama ana haki nusu. Mimba hunyoosha misuli ya mbele na kuitenganisha katikati. Mkaja huishikilia, ukasimama bila kuinama, lakini hauipi nguvu. Usikazwe hadi pumzi ikawa fupi, maana shinikizo hushuka kwenye kibofu na nyonga. Mkunga akikuruhusu (uliyepasuliwa hungoja zaidi), lala chali magoti yamekunjwa, toa pumzi polepole huku ukivuta ndani chini ya kitovu. Ukiinuka kitandani, geuka ubavu kwanza.

Swali: Lini niende hospitali?

Jibu: Ukiona uvimbe kitovuni au kinenani, unatoka ukikohoa na kurudi ukilala, huenda ni ngiri, nenda ukapimwe. Uvimbe ukigoma kurudi, ukauma, nawe ukaanza kutapika, hiyo ni dharura. Uliye vijijini, Shela au Matondoni, usingoje boti ya asubuhi.