Bastola ya Marehemu Haigawanywi Kama Shamba: Maelezo kwa Warithi na Wasimamizi wa Mirathi

Septemba ni mwezi ambao Umoja wa Afrika uliutenga mwaka 2017 kuwa Mwezi wa Msamaha, ili wanaoshikilia silaha isivyo halali wazisalimishe kwa hiari yao, na hapa Tanzania Jeshi la Polisi limekuwa likitangaza vipindi vya kupokea silaha hizo bila kumshtaki anayezileta. Katika vipindi hivyo hujitokeza kundi ambalo halifanani kabisa na wahalifu ambao sisi polisi tunawafuatilia: wajane, watoto na wasimamizi wa mirathi waliokuta bastola kabatini baada ya kumaliza matanga. Baadhi ya bastola hizo hazikununuliwa kwa ajili ya kujilinda. Ni bastola za shabaha, za miaka mingi, ambazo mzazi alizitumia enzi za ujana wake katika mashindano ya kulenga, na familia haifahamu ni kitu gani hasa imeachiwa.

Ni haki ya mrithi kutaka kufahamu, na chombo chenyewe husema mengi bila kufyatuliwa. Bastola ya shabaha huwa na mtutu mrefu kuliko ya kawaida, mpini wa mbao uliochongwa kufuata kiganja, mara nyingine wenye kitako cha kupumzishia kidole gumba, na kilengeo cha nyuma chenye skrubu ndogo za kukisogeza kushoto, kulia, juu na chini. Nyingi hutumia risasi ndogo ya .22, yaani yenye kipenyo cha takriban inchi 0.22, na baadhi hupakia risasi moja tu kwa wakati. Iliyotengenezwa Birmingham, Uingereza, kwa mfano zile za Webley & Scott, huwa na alama ndogo ya taji juu ya herufi BV, BP au NP, ambazo ni mihuri ya ukaguzi wa mtutu. Kampuni ya Walther ya Ujerumani nayo ilitengeneza bastola iliyoitwa Olympia, ambayo ilitumika katika michezo ya Berlin ya mwaka 1936. Alama hizo, pamoja na namba ya silaha iliyochongwa kwenye chuma, ndizo zinazotuwezesha kuitafuta katika kumbukumbu, kwa hiyo tunaomba sana zisisuguliwe kwa msasa wala kupakwa rangi kwa nia ya kuisafisha. Silaha iliyofutwa namba huibua maswali ambayo mrithi mwenye nia njema hana sababu ya kuyajibu.

Umri wa silaha haupunguzi chochote mbele ya sheria. Tumeambiwa mara nyingi, tena kwa sauti ya kutushangaa, “Afande, hii si silaha, ni kumbukumbu ya mzee.” Mtutu wa mwaka 1936 hutoa risasi sawasawa na wa mwaka jana. Tena bastola ya shabaha ina hatari yake ya pekee, kwa kuwa kifyatulio chake kimerekebishwa makusudi kiwe chepesi mno, kiasi kwamba kidole kikigusa tu inaweza kulia. Mtu asijaribu kuifungua ili kuona kama ina risasi, wala asimpe kijana wa jirani “anayejua mambo hayo.” Ichukuliwe kuwa ina risasi, iachwe ilipo, chumba kifungwe.

Dhana ya pili, ambayo ndiyo inayowaponza wengi, ni kwamba kwa vile marehemu alikuwa na leseni, familia nayo inayo. Leseni ya silaha hutolewa kwa mtu aliyechunguzwa tabia, afya ya akili na uwezo wake wa kuitumia, na mtu huyo akifariki leseni yake imekoma. Kuendelea kuilipia ada ya kila mwaka kwa jina lake, jambo ambalo wapo wanaolifanya wakiamini wanaisaidia Serikali, hakumpi haki aliyelipa. Vivyo hivyo, kuhakikiwa kwa silaha hiyo katika uhakiki wa nchi nzima wa mwaka 2016, ambapo hata Rais John Magufuli alihakiki silaha zake, kunathibitisha tu kwamba ilikuwa mikononi mwa mwenyewe wakati ule.

Utaratibu unaotakiwa ni huu. Kwanza, mwanafamilia atoe taarifa kwa mtendaji au kituo cha polisi kilicho karibu, akiwa na kitabu cha leseni cha marehemu kama kimepatikana na cheti cha kifo kama kimeshatoka. Kama hakijatoka, asikisubiri. Asibebe bastola kwenye daladala wala bodaboda kuja nayo kituoni. Aeleze ilipo, na askari wataelekeza namna ya kuichukua. Ikipokelewa, adai hati ya mapokezi yenye aina ya silaha, namba yake, idadi ya risasi, tarehe, na jina na namba ya askari aliyepokea, kisha aisome mwenyewe namba baada ya namba kabla ya kutia saini, kwa sababu tarakimu moja ikikosewa itatusumbua sisi na yeye. Pili, msimamizi wa mirathi akishateuliwa aiorodheshe silaha hiyo pamoja na mali nyingine. Katika Mahakama ya Mwanzo orodha hiyo huwasilishwa ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa, na kuandika “vitu vidogo vidogo vya ndani” hakutoshi. Tatu, mrithi anayetaka kuimiliki aombe leseni yake mwenyewe, kuanzia serikali ya mtaa au kijiji, kupitia kata, wilaya na mkoa, hadi kwa Msajili wa Silaha, akiwa na uthibitisho wa mafunzo na mahali salama pa kuitunzia.

Barua ya usimamizi wa mirathi si leseni. Tunalirudia hili kwa sababu kila mara huja msimamizi na barua yenye mhuri wa mahakama akidhani safari imeisha. Mahakama humpa mamlaka ya kukusanya na kugawa mali. Ruhusa ya kushika silaha hutolewa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Ndugu wakikubaliana kikaoni kwamba bastola apewe kifungua mimba, makubaliano hayo ni kuhusu nani ataomba leseni, basi. Asipoomba, au akikataliwa, iuzwe kwa njia halali kwa mwenye kibali, au isalimishwe.

Kuhusu adhabu, familia nyingi hudhani ni faini. Kumiliki silaha bila leseni kumeingizwa katika makosa ya uhujumu uchumi, na tangu marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, anayepatikana na hatia hukabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi miaka 30. Kumiliki risasi ni kosa linalojitegemea, hata bila bastola.

Risasi za .22 zinahitaji neno la ziada. Baruti yake ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa kitako cha ganda la risasi, hivyo kugongwa ukingoni kunaweza kuilipua hata ikiwa nje ya bastola. Zisitupwe chooni, zisizikwe shambani, zisichomwe na takataka. Zikionekana zimeota kutu ya kijani au zimegandamana ndani ya boksi, asizigawanye mtu kwa mkono ili azihesabu. Zitajwe tu wakati wa kutoa taarifa, na kuzihesabu ni kazi yetu.