Kuepusha, kuepuka na kisanduku cha rubani

Tangu Machi 5, 2024, Cessna 172 ya mafunzo ilipogongana na Dash 8 ya abiria juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, muda mfupi baada ya Dash 8 kuruka kutoka Uwanja wa Ndege wa Wilson, nimesikia mara nyingi mno: “Si siku hizi kuna TCAS ya mkononi? Ile inaepusha mgongano yenyewe.” TCAS ni mtambo wa ndege kubwa wa kuzuia zisigongane angani. Watu wawili waliokuwa ndani ya Cessna walifariki. Ajali ile siijadili hapa. Ninachotaka ni neno litumike sawasawa.

Kifaa chenyewe ni kisanduku kidogo kinachobandikwa kwenye kioo cha ndege au kuwekwa juu ya dashibodi. Kinanasa mawimbi ya transponda (redio zinazojibu rada) za ndege nyingine kwenye megahezi 1090, kisha kinalia au kuzionyesha kwenye tableti. Basi.

Sasa kitenzi. Anayeepa jiwe huinamisha kichwa chake mwenyewe. Anayeepuka mbwa mkali hupita njia nyingine. Lakini kuepusha ni kumtendea mwingine: tukisema Mungu atuepushe na ajali, tunamwomba afanye tusichoweza sisi. Kisanduku hiki hakimwepushi mtu na chochote. Kinamwambia rubani kuna nini, na kuepuka kunabaki kazi yake.

TCAS II ya ndege kubwa ndiyo inayokikaribia kitenzi hicho. Huziuliza transponda za jirani kwa megahezi 1030, hupima umbali kwa muda ambao jibu limechukua kurudi, na hatari ikikaribia humwamuru rubani apande au ashuke. Zikikutana mbili hupatana kwanza, moja ipande na nyingine ishuke, zisije zikawa kama watu wawili uchochoroni ambao kila mmoja anampisha mwenzake kwa upande uleule.

Kisanduku cha mkononi hakiulizi wala hakipatani na mtu, kinasikiliza. Ndege yenye ADS-B inajitangaza mahali ilipo, kwa hiyo inaonekana vizuri. Ile yenye transponda ya kizamani hutoa kimo tu, na kifaa hukadiria umbali kwa nguvu ya mawimbi bila kujua inatokea upande gani. Isiyo na transponda haimo kabisa. Hata bati la ndege yako, au mwili wako mwenyewe, unaweza kuziba antena.

Tena kuona si kuonekana. Vifaa vingi hupokea tu. Vingine, kama SkyEcho 2, hurusha pia mahali ulipo, na hilo kwangu ni kubwa kuliko skrini yenye rangi nzuri. FLARM, mfumo mwingine wa tahadhari ulioanza Uswisi mwaka 2004 kwa ndege zisizo na injini, hurusha na kukokotoa hatari, lakini huelewana hasa na wenzake wa lugha hiyohiyo.

Siwazuii watu kununua. Ningekuwa naruka kila wiki, ningekuwa nacho. Ila ukikitaja mbele ya mwanafunzi, kiite kitahadharishi cha ndege jirani. Ukimwambia ni TCAS, siku kikilia atakaa akisubiri sauti ya kumwamuru apande au ashuke, na sauti hiyo haimo ndani ya kisanduku.