Dawa ya tairi: yanayosemwa Goma na ukweli wake

Ukinunua Toyota Aqua, Vitz au Honda Fit iliyokwisha kutumika Japani, inua zulia la nyuma uangalie chini yake kabla ya kulipa. Magari mengi ya aina hiyo yaliyotengenezwa miaka ya 2010 hayana tairi la akiba. Mahali pake utakuta seti: kompresa ndogo ya umeme ya kujazia hewa, mpira wa kupitishia hewa, na chupa ya dawa ya kuziba tundu la tairi, yenye maandishi ya Kijapani. Watengenezaji waliliondoa tairi hilo ili gari liwe jepesi, linywe mafuta kidogo, na kwenye haibridi, gari la petroli na umeme, ipatikane nafasi ya betri. Si Wajapani peke yao. Mwaka 2015 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilitangaza kwamba zaidi ya theluthi ya magari mapya ya mwaka ule yaliuzwa bila tairi la akiba.

Huko uamuzi ulikokatwa, dereva akitobokewa anapiga simu na gari la msaada linakuja. Kwetu Goma, mashariki mwa Kongo, msaada ni kwado, fundi wa kuziba matairi. Nao wapo mitaani, kuanzia Birere hadi Ndosho, tairi kuukuu limesimamishwa kando ya barabara kuwa alama. Shida ni ile njia iliyo kati ya ulipotobokewa na kwado wa karibu. Kwa kipande hicho cha njia, na si zaidi, ndiyo chupa ile ilitengenezwa. Maneno mengi yanayozunguka mjini kuihusu yanaanzia hapo: watu wanaidai kazi ambayo haikupewa.

“Dawa inaziba tundu lolote”

Hili ndilo kubwa, na kwa Goma ndilo linalogharimu zaidi.

Ndani ya chupa nyingi mna utomvu wa mpira uliochanganywa na kemikali ya glikoli isiyoiacha dawa igande kwa baridi. Hewa inapoisukuma dawa itoke tunduni, chembe za mpira zinasongamana kwenye uwazi ule mwembamba, zinashikana, zinakuwa kizibo. Ili kizibo kikae, tundu liwe dogo na mpira ulio pembeni yake uwe mnene. Ndiyo sababu vitabu vya magari vinataja tundu lisilozidi milimita 4 hivi, vingine hufika 6, na tena liwe kwenye sehemu inayokanyaga barabara. Kwa lugha nyepesi: msumari, skrubu, kipande cha waya.

Ubavu wa tairi ni habari nyingine. Mpira wake ni mwembamba, na kila gurudumu linapozunguka ubavu unajikunja na kujinyoosha. Kizibo kikishika pale, mzunguko unaofuata unakibandua.

Sasa fikiria mawe yetu. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, lava yake, mawe yaliyoyeyuka, ikapita katikati ya mji na kufunika sehemu ya njia ya kurukia ndege. Watu walijenga juu yake. Tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena, ikakata barabara ya Rutshuru na kusimama upande wa Buhene. Mitaa mingi bado ni jiwe jeusi lenye makali, hata pale lilipopondwa na kutandazwa. Msumari hutoboa, jiwe hili hukata. Na mara nyingi linakata ubavuni: umesogea pembeni kulipisha lori la Fuso, au umepanda ukingo wa mtaa kutafuta pa kuegesha, ubavu umejisugua kwenye ncha. Dawa iliyopimwa kwa msumari wa barabara ya lami inaletwa kupambana na kisu.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chupa, zunguka tairi. Zima redio, sikiliza hewa inatokea wapi. Pitisha mkono ulio na maji au mate ubavuni uone mapovu. Ukikuta mkato ubavuni, hata wa nusu kidole, iache dawa ilipo na utafute namna nyingine. Ukikuta tairi limechomoka kwenye janti, chuma cha gurudumu, ni vivyo hivyo. Na kama uliendesha tairi likiwa bapa, “tusogee tu polepole hadi kwado,” basi uzito wa gari umeshausaga ubavu kwa ndani. Kwado akilifungua atakuonyesha unga mweusi wa mpira. Tairi hilo halina tena wa kuliokoa, awe na dawa au hana.

“Likishuka tu, mimina”

Hapana. Jaza hewa tupu kwanza. Kompresa nyingi za seti hizi zinaweza kufanya kazi bila chupa: unachomeka waya kwenye tundu la kiberiti cha sigara, unafunga mpira kwenye valvu, unajaza. Kama msumari bado umo, unaziba sehemu kubwa ya tundu wenyewe, na tairi linaweza kushikilia hewa muda wa kutosha kukufikisha. Umefika kwado, tairi safi ndani, chupa bado nzima. Kwa maoni yangu kompresa ndiyo mali halisi ya seti hii. Ni ajabu watu wanavyoithamini chupa na kuiacha kompresa ichezewe na watoto nyumbani.

“Ng’oa msumari kwanza”

Uache. Vitabu vya Toyota vinasema hivyo wazi. Ukiung’oa unalipanua tundu, na dawa yote inaishia chini barabarani. Ataung’oa kwado.

“Chupa haina mwisho, ni gundi tu”

Ina mwisho, na umeandikwa juu yake. Chupa nyingi hupewa miaka minne hivi, chache zinafika minane. Baada ya hapo utomvu unajitenga na maji yake, unaganda kama maziwa yaliyosahauliwa, na siku ya haja unaziba mpira wa kompresa badala ya tundu la tairi. Hesabu ni rahisi: gari lililotoka kiwandani mwaka 2014, chupa yake ya kwanza ilikufa kabla wewe hujaliona. Hujui Kijapani? Tarakimu ni zilezile. Tafuta tarehe, mara nyingi mwaka ndio unaotangulia, kisha mwezi.

Wauzaji wa magari hupenda kuonyesha chupa ambayo haijafunguliwa kama ushahidi kwamba gari “halijaguswa”. Kwa dawa, kutoguswa kwa miaka kumi si sifa.

Kuna pia makopo ya kupuliza, yale unayobonyeza moja kwa moja kwenye valvu bila kompresa. Hayo yana gesi iliyoshindiliwa, na yameandikwa yasipate joto la zaidi ya nyuzi 50. Mji wetu ni wa ubaridi wa wastani, lakini ndani ya gari lililofungwa vioo juani mchana kutwa joto hupanda sana. Liweke chini nyuma, pasipopigwa na jua, wala si juu ya dashibodi.

“Ukishamimina, ngoja ikauke”

Ukingoja, dawa inajikusanya chini ya tairi kama kidimbwi na tundu liko upande mwingine. Inatakiwa utembee mara moja ili mzunguko uisambaze.

Utaratibu wenyewe, kwa seti nyingi, uko hivi. Egesha mahali peupe, injini ikiwaka ili betri isiishe, na isiwe ndani ya gereji iliyofungwa. Valvu isiwe chini kabisa. Washa kompresa. Sindano ya kipimo itaruka juu ghafla wakati dawa inapita, usiogope, itashuka, na baada ya hapo ndipo inasoma hewa ya kweli. Usiiache kompresa ndogo iungurume zaidi ya dakika kumi mfululizo, inapata moto na kuungua. Kama muda huo umepita na hujafikia hata bari 1.3 kwenye kipimo cha hewa, tundu limeishinda dawa: simama hapo, usiendeshe.

Ikijaa hadi kiwango kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, ondoka taratibu, kilomita chache tu, kisha simama upime tena. Chini ya bari 1.3, safari imeishia hapo. Juu ya hapo, ongeza hewa uendelee hadi kwa fundi, bila kuzidi kilomita 80 kwa saa. Seti huja na kibandiko cha namba hiyo, ukibandike mahali unapokiona, ila si juu ya usukani penye mfuko wa hewa. Najua mtu atacheka: kati ya Ndosho na Mugunga nani anafika 80? Kweli, lakini ukishapita mji barabara inanyooka na mguu unasahau. Na mashimo nayo yahesabu, kwa sababu pigo moja zito linaweza kukilegeza kizibo ambacho mwendo usingekifanya kitu.

“Kwado hana haja ya kujua”

Hapa nina ugomvi na madereva wenzangu. Unafika, unasema “kijana, nitengenezee,” unaenda kunywa chai. Yeye anapachika vyuma vyake, anaachanisha tairi na janti, na nusu lita hivi ya maji meupe yenye kunata inamrukia usoni na kwenye shati. “Papa, mulitia nini humu ndani?” Kuuliza kwake hakukosi haki.

Kuchafuka si hatari kubwa. Hatari iko kwenye yale makopo ya kupuliza. Baadhi yake hutumia gesi inayoshika moto kusukuma dawa, na gesi hiyo inabaki ndani ya tairi pamoja na hewa. Kwado wengi wanachoma viraka kwa moto: kipande cha pistoni kuukuu, petroli kidogo ndani yake, kibiriti. Tairi lenye gesi ile likitolewa hewa hatua mbili kutoka kwenye pistoni inayowaka, unaelewa mwenyewe. Mwambie kabla hajaligusa. Alitoe hewa nje, mbali na moto na sigara, ndipo aendelee. Kama janti inataka kuchomelewa, tairi liondolewe kwanza kabisa.

Akishalifungua, aoshe ndani kwa maji dawa ikiwa bado mbichi. Ikikauka inabaki madonge, gurudumu linakosa mizani na usukani unatikisika. Maji hayo yasimwagwe panapochezea watoto au panaponywa na mbwa, glikoli nyingine ni sumu. Magari ya kisasa yenye kipimo cha hewa ndani ya gurudumu yanahitaji kipimo hicho nacho kisafishwe, lakini magari mengi madogo tunayoendesha hapa hayana.

Na kiraka? Utaratibu unaofuatwa Marekani ni kulifungua tairi, kulikagua kwa ndani, kisha kuweka kiraka chenye mkia unaojaza tundu, kwenye sehemu ya kukanyaga tu na kwa tundu lisilozidi milimita 6. Meshi, ule uzi mzito wenye gundi unaosukumwa kutoka nje bila hata kulivua gurudumu, kwa kipimo hicho ni ya muda. Wengi tunatembea na meshi miaka, najua, mjini kwa mwendo mdogo inavumilia. Kwa safari ndefu yenye mzigo, lipa kiraka cha ndani.

“Inafaa pikipiki, inafaa Fuso”

Seti hii ni ya tairi lisilo na mpira wa ndani. Penye mpira wa ndani, kama kwenye pikipiki na Fuso nyingi, msumari unauchana kila unapocheza, na tundu linakuwa mpasuko. Zipo dawa nyingine zenye nyuzinyuzi ambazo madereva wa pikipiki huzitia mapema kwenye mpira wa ndani kabla ya kutobokewa. Hizo ni bidhaa tofauti, zisichanganywe na hii.

“Basi ni utapeli, nunua tairi la akiba uitupe”

Hili nalo limezidi upande wa pili. Ni kweli dawa ni ghali. AAA hiyohiyo ilisema baadhi ya seti hufika dola 300 kwa kutumika mara moja, hadi mara kumi ya gharama ya kuziba tundu la kawaida. Hapa hakuna atakayelipa hivyo, ndiyo maana chupa ikishatumika hairudishwi nyingine, na mwenye gari anaendelea kuamini ana kinga.

Lakini kubadilisha gurudumu kunataka ardhi ngumu na tambarare. Juu ya changarawe ya lava jeki inazama na kuegemea upande. Kwenye mteremko, kwenye mvua ya Novemba, usiku, mahali ambapo hutaki kukaa nje ya gari muda mrefu, dakika kumi za kompresa zina thamani yake. Mimi ningebeba vyote viwili: tairi la akiba la kipimo kimoja na mengine, na chupa ambayo tarehe yake haijapita.

Ukilinunua hilo la akiba, hesabu matundu ya nati kwenye janti na ulijaribishe kwenye gari palepale kwa muuzaji. Halafu angalia tena chini ya zulia. Magari mengi yaliyouzwa na dawa peke yake yalitoka kiwandani bila jeki na bila ufunguo wa nati.