Mtaa wa Wayahudi Yerusalemu: Yanayosimuliwa na Yaliyo Kweli

Mahujaji wa Kenya na Tanzania wanaozuru Yerusalemu hawakosi kufika Ukuta wa Magharibi. Mara nyingi wakishapiga picha hupandishwa ngazi, wakakatizwa Mtaa wa Wayahudi mbiombio, wakarudishwa kwenye basi. Ni hasara kubwa. Mtaa huo, ulio upande wa kusini-mashariki wa Mji wa Kale, unataka utulivu, kwa sababu mengi yanayosimuliwa juu yake si kweli na ya kweli yanavutia zaidi.

"Kuta zinazouzunguka mji alizijenga Mfalme Sulemani." Jina ndilo linalopotosha watu. Aliyezijenga ni Sultani Suleiman wa dola ya Uthmaniya, kati ya 1537 na 1541, karibu miaka 2,500 baada ya Sulemani mwana wa Daudi. Mji wa Daudi wenyewe uko nje ya kuta hizi, kwenye mteremko wa kusini ukishatoka Lango la Jaa. Na yale matundu yaliyotapakaa kwenye Lango la Sayuni si kazi ya Warumi. Ni ya risasi, na mengi ni ya vita vya 1948 kati ya Israel na Waarabu.

"Nyumba za mtaa huu ni za kale zote." Mtaa ulisalimu amri kwa jeshi la Jordan tarehe 28 Mei 1948. Wakazi wake Wayahudi wakatolewa, masinagogi yakabomolewa au kuharibiwa, na sehemu kubwa ikawa magofu. Israel iliuteka Juni 1967, na familia za Kipalestina zilizokuwa zikiishi humo nazo zikahamishwa. Nyumba nyingi unazoziona zilijengwa baada ya hapo. Zinafanana na za kale kwa sababu tangu utawala wa Waingereza, mwaka 1918, majengo ya Yerusalemu yametakiwa yavishwe mawe ya hapo hapo. Hata kuba jeupe la sinagogi ya Hurva, ambalo wageni hulipiga picha kama kitu cha kale, lilizinduliwa mwaka 2010. Lilinakili jengo la 1864 lililolipuliwa vitani.

Asiseme mtu basi kwamba hakuna cha kale. Kipo, ila kiko chini ya miguu. Kabla ya nyumba mpya kujengwa, kuanzia 1969, mwanaakiolojia Nahman Avigad alichimba viwanja vya mtaa huu kwa zaidi ya miaka kumi. Katikati ya makazi ya watu utakuta shimo lililo wazi, na ndani yake msingi wa ukuta wenye unene wa mita 7. Wataalamu wanauhusisha na Mfalme Hezekia, alipojiandaa kwa Waashuri mwishoni mwa karne ya 8 Kabla ya Kristo. Inama ukingoni utazame vizuri: ukuta umekata katikati ya nyumba za watu. Isaya sura ya 22 inawalaumu watu wa Yerusalemu kwa kubomoa nyumba ili kuuimarisha ukuta, na wengi huamini nyumba zilizobomolewa ndizo hizo. Mimi naona hapa ndipo mahali pa kukaa zaidi katika mtaa mzima, na hakuna kiingilio.

Mwendo mfupi kutoka hapo iko Nyumba Iliyoungua, iliyoteketea Warumi walipouchoma mji mwaka 70. Ndani yake wanaakiolojia walikuta jiwe la kupimia uzito lenye jina la Bar Kathros, ukoo wa makuhani unaotajwa katika Talmudi, mkusanyo wa sheria na mafundisho ya Wayahudi. Walikuta pia mkuki uliokuwa umeegemea pembeni mwa ukuta, na mifupa ya mkono wa mwanamke kijana.

"Yesu alitembea kwenye barabara ya Cardo." Hapana. Cardo ilikuwa barabara kuu ya mji, na nguzo zinazoonyeshwa pale ni za karne ya 6, enzi za Kaisari Justiniano. Anayetafuta maisha ya wakati wa Yesu ashuke kwenye Makumbusho ya Wohl, akaone majumba ya matajiri, yenye sakafu za vijiwe vya rangi na mabwawa ya ngazi waliyoyatumia kujitakasa.

"Ukuta wa Magharibi ni ukuta wa Hekalu." Ni ukuta wa kushikilia jukwaa kubwa ambalo Herode alilipanua na Hekalu likasimama juu yake. Safu za chini, zenye mawe makubwa yaliyochongwa ukingoni, ndizo za Herode. Yale madogo ya juu yaliongezwa karne nyingi baadaye. Uwanja mpana ulio mbele yake nao si wa kale: hapo palikuwa na Mtaa wa Wamorocco, uliowekwa wakfu karne ya 12, ukabomolewa Juni 1967 ndani ya siku chache na wakazi wake wakaondolewa. Kiongozi wa msafara asiyeyataja haya amewapunja wageni wake.

"Kila dini ilikaa mtaani kwake tu." Ule mgawanyo wa mitaa minne ulienea kwa ramani za Wazungu za karne ya 19. Watu walichanganyika. Wayahudi wengi walikaa katika eneo linaloitwa leo Mtaa wa Waislamu, na ndani ya Mtaa wa Wayahudi wengi walikuwa wapangaji wa nyumba za wakfu wa Waislamu. Mnara wa msikiti wa Sidna Omar bado umesimama ubavuni mwa masinagogi ya Ramban na Hurva.

"Asiye Myahudi haruhusiwi Ukutani." Yeyote anaruhusiwa, bila malipo. Wanaume na wanawake wana sehemu zao mbalimbali, wanaume hufunika kichwa na kofia hutolewa hapo hapo. Tatizo huwa siku. Kuanzia Ijumaa alasiri hadi Jumamosi jioni makumbusho hufungwa, na kupiga picha Ukutani hakuruhusiwi wakati wa Sabato. Mwambie anayepanga safari akuwekee mtaa huu Jumapili hadi Alhamisi, na akupe nusu siku nzima.