Bonde la Loire: kimbia ukiupanda mto, upepo uwe mgongoni

Wakimbiaji wanaokuja bonde la Loire kwa mara ya kwanza huniuliza waanzie kasri gani. Mimi huwauliza kama wameangalia upepo. Wengine hudhani nawakwepa, lakini kwangu hilo ndilo swali la kwanza. Kazi yangu ni kuwapangia wakimbiaji njia katika bonde hili na kuwaongoza, na sijaona kitu kinachoharibu siku ya mtu huku kama kilomita 20 za upepo wa uso juu ya tuta la kuzuia mafuriko lisilo na mti hata mmoja.

Loire ndio mto mrefu kuliko yote Ufaransa, zaidi ya kilomita 1,000. Unaanzia milima ya Ardèche kule kusini, unakwenda kaskazini mpaka Orléans, kisha unapiga kona na kuelekea magharibi hadi bahari ya Atlantiki. Sehemu iliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, kutoka Sully-sur-Loire hadi Chalonnes-sur-Loire, kiasi cha kilomita 280, karibu yote iko baada ya kona hiyo. Maji yanakwenda magharibi, na upepo mwingi huku unatoka magharibi, baharini. Kwa hiyo anayefuata mkondo wa maji anaupokea upepo usoni. Na asitegemee mteremko umsaidie. Kati ya Orléans na Tours mto unashuka kwa chini ya nusu mita katika kila kilomita, na hakuna goti linaloweza kuhisi tofauti hiyo.

Mabaharia wa Loire walilijua jambo hili karne nyingi kabla yetu. Mashua zao zilikuwa bapa chini, kwa sababu mto ni wa mchanga na kina chake hakitabiriki, na zilibeba tanga moja kubwa la mraba. Kushuka walibebwa na mkondo. Kupanda kutoka Nantes hadi Orléans walisukumwa na upepo wa magharibi. Aliyekulia pwani yetu, akayajua majahazi yaliyongoja kusi na kaskazi, hahitaji kuelezwa zaidi. Upepo ukikata, walifunga mashua ukingoni wakangoja, hata siku nyingi. Walipanda na chumvi, samaki, na sukari ghafi iliyolimwa na watumwa katika visiwa vya Karibi, ikasafishwe Orléans. Nyumba nyingi nzuri utakazozipita kwenye gati za miji hii zilijengwa kwa biashara ya mto, na si faida yote ya biashara hiyo iliyokuwa safi.

Kisha reli ikaja: Orléans mwaka 1843, Tours 1846, Nantes 1851. Biashara ya mashua ikafa. Lakini reli hiyo ndiyo inayomfaa mkimbiaji leo, kwa sababu inakwenda sambamba na mto na ina vituo Blois, Onzain, Amboise na Tours. Asubuhi unapanda treni ya mkoa na kushuka nayo upande wa magharibi, halafu unakimbia kurudi mashariki ulikolala. Upepo unakusukuma, begi limebaki hotelini, na ukichoka katikati kuna kituo kingine mbele.

Sasa tuta lenyewe, kwa maana huwezi kuipanga njia ya Loire bila kulielewa. Mafuriko ya mto huu ni mabaya. Yale ya 1846, 1856 na 1866 yalibomoa matuta sehemu nyingi, na bado utaona alama za kina cha maji zimechongwa kwenye kuta za nyumba na nguzo za madaraja. Matuta yalianza kujengwa tangu Zama za Kati, yakaendelea kuinuliwa na kurefushwa. Leo, kwenye ukingo wa kaskazini, sehemu kubwa ya tuta imebeba barabara ya lami yenye magari ya kasi. Picha zake ni nzuri sana. Usikimbie hapo. Ukingo wa kusini ndio wa kwako, ambako njia ya baiskeli iitwayo La Loire à Vélo, ya kilomita 900 hivi, hupita vijijini, kwenye vijia vya changarawe na barabara ndogo za mashambani. Pembeni yake, mara karibu mara mbali, kuna njia ya miguu ya GR 3, yenye alama ya mstari mweupe juu ya mwekundu. Ukiona mistari hiyo imekatizana kama msalaba, umepotea, rudi nyuma.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni Amboise hadi Blois, kama kilomita 40. Ni ya mtu aliyejiandaa kwa marathoni, au ya watu wawili wanaogawana siku kwa kupokezana katika kijiji cha Chaumont, katikati ya njia. Kituo cha treni cha Amboise kiko ukingo wa kaskazini, kwa hiyo unaanza kwa kuvuka daraja linalopita juu ya kisiwa kiitwacho Île d'Or, kasri likiwa mbele yako juu ya mwamba. Leonardo da Vinci aliishi mji huu kuanzia 1516 hadi alipofariki mwezi Mei 1519, katika nyumba ya Clos Lucé, dakika chache kutoka kasri. Wageni karibu wote humfuata yeye. Mimi huwaambia wasomaji wa Kiswahili wasiondoke bila kujua kwamba humo kasrini alifungwa Amir Abd el-Kader, kiongozi wa Waalgeria dhidi ya Wafaransa, tangu 1848 hadi 1852, pamoja na familia yake na watu wake. Kadhaa walifia humo, na bustanini kuna mawe 25 ya kumbukumbu yao, yaliyowekwa mwaka 2005. Nenda kayaone jioni ya kuamkia mbio. Asubuhi ya mbio miguu ibaki kwa kukimbia.

Kutoka Amboise njia huacha mto na kupanda uwanda wa juu penye mizabibu. Vilima ni vifupi, lakini ni vingi kuliko ramani inavyodokeza. Anayetoka kwa pupa hapa hulipa baadaye. Ukishuka tena mtoni unaiona Chaumont juu ya mlima wake: ndilo kasri ambalo Catherine de Médicis, baada ya mumewe mfalme Henri II kufa mwaka 1559, alimlazimisha Diane de Poitiers, kipenzi wa marehemu, kulichukua badala ya Chenonceau. Kwa macho ya mkimbiaji Diane hakupata hasara, maana Chenonceau kuna foleni ya mabasi ya watalii, na Chaumont kuna mandhari ya mto mzima. Daraja la hapo linakuvusha hadi kituo cha Onzain kama umeishiwa nguvu. Ukiendelea, unafika Candé, mahali mto mdogo wa Beuvron unapoingia bondeni, kisha kuna tambarare ndefu ambayo upepo wa nyuma huifanya iwe raha tupu mpaka daraja la mawe la Blois, lililomalizika karne ya 18.

Tours hadi Amboise ni fupi zaidi, kama kilomita 25, kupitia Montlouis na mashamba yake ya mvinyo. Nzuri kwa siku ya kwanza. Sina mengi ya kuisifu wala kuilaumu.

Chambord ni habari nyingine kabisa, kwani haiko kwenye Loire yenyewe. Iko kusini yake, ndani ya msitu wa hekta 5,440 uliozungushiwa ukuta wa kilomita 32. Mfalme François wa Kwanza aliianza mwaka 1519, akaishi humo wiki chache tu katika maisha yake yote. Humo ndani upepo haukusumbui, miti inakukinga, na njia ni za udongo laini unaopumzisha nyayo baada ya lami. Sehemu iliyofunguliwa kwa umma ni ndogo kuliko msitu wote, kwa hiyo heshimu mabango. Kati ya katikati ya Septemba na katikati ya Oktoba, kulungu dume hunguruma alfajiri wakiwania majike. Sauti yake hushtua hata mtu aliyeonywa.

Kuhusu maji ya kunywa: vijiji vingi havina duka lililo wazi mchana, na Jumatatu hata duka la mikate huenda limefungwa. Makaburini karibu kila kijiji kuna bomba. Soma kibao kwanza. Kikiandikwa *non potable*, usinywe. Na usishawishike kujitosa mtoni upoe. Kiangazi Loire huonekana ya kuvuka kwa miguu, mchanga umetanda mpaka katikati, lakini mchanga huo huhama, unaficha mashimo na mikondo, na watu hufa humo. Tena visiwa vya mchanga ndimo ndege wa mtoni hutaga mayai, na majira hayo havikanyagwi.

Mwisho ni Saumur hadi Candes-Saint-Martin, kilomita 12 hivi, njia isiyofanana na nyingine yoyote. Mwamba wa hapa ni *tuffeau*, chokaa laini nyeupe iliyojenga makasri ya bonde. Walipoukata, yakabaki mapango, na watu wakahamia humo. Kule Souzay unakimbia kabisa ndani ya kijiji cha mapangoni, madirisha na mabomba ya moshi yakichomoza mwambani. Kiangazi hewa ya humo ni baridi. Vaa fulana yenye mikono. Unapita Turquant, unapita kasri la Montsoreau, halafu Candes, mahali mto Vienne unapoungana na Loire na Mtakatifu Martin alipofariki mwaka 397. Panda kilima nyuma ya kanisa uone mito miwili ikikutana, na upande wa mashariki kinu cha nyuklia cha Chinon. Picha za matangazo hukikata kinu hicho. Mimi hukionyesha.

Upande huu hakuna reli ya kukurudisha, na kurudi kwa miguu ni kuukabili upepo niliokuonya. Agiza teksi Saumur kabla ya kuanza, mkubaliane saa, kwa kuwa Candes ni kijiji kidogo na huwezi kusimamisha gari barabarani.